Maji Si Mate

Mjomba alimaliza mionzi ya kansa ya koo mwaka jana na tangu hapo kila mgeni akiingia hapa kwetu Kondele lazima amwambie akunywe maji mingi. Kwani hio chupa ameshika ya nini? Anapiga fundo, ulimi unalainika kidogo, hajamaliza ata sentensi ushaganda tena kwa kaakaa. Omena ya kukaanga aliachana nayo, ugali anauvunja ndani ya supu ya mbuta mpaka uwe uji uji ndio ushuke.

Shida haiko kwa maji bana. Mtu mzima hutoa mate kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na kazi hio inafanywa na seli za ndani ya tezi, zile kubwa zaidi ziko mbele ya masikio, sasa mionzi ikipita hapo seli zinakufa lakini vifereji vya kupitisha mate vinabaki. Kisima kimekauka, mabomba mazima.

Ndio maana nilipenda kitu mtafiti Bruce Baum na wenzake walifanya Marekani. Walichukua jeni ya akwaporini-1, protini inayofungulia maji njia kwa seli, wakaipakia kwa virusi iliyodhoofishwa, wakaiingiza kwa tezi moja kupitia katundu ka mate kako ndani ya shavu, ili vifereji vyenyewe vianze kutoa maji. Matokeo yalitoka 2012, wagonjwa 11, sita mate yakaongezeka. Mimi naona hio ni kubwa, ingawa bado ni majaribio, kwa hivyo yule wa dawa za chupa sokoni anayesema anarudisha tezi mpite tu.

Dawa iliyoko saa hii ni pilokapini, inasukuma seli zilizobaki, ila utatoka jasho, na mwenye pumu isiyotulia asiiguse. Kama mtu wenu hajaanza mionzi ulizeni mapema kama mashine inaweza kukwepa tezi, juu utafiti wa Uingereza wa 2011 ulionyesha baada ya mwaka waliosumbuliwa na mdomo mkavu ni asilimia 38 kwa waliokwepeshewa tezi, kwa mionzi ya kawaida 74.

Alafu meno. Bila mate yanaoza haraka, floraidi ni lazima, na kung'oa jino kwa taya iliyopigwa mionzi mfupa unaweza kukataa kupona. Juzi mjomba alikuwa ashakaa kwa kiti ang'olewe mawili, mwenye kliniki ata hajauliza kitu, ni aunti alipayuka kutoka mlangoni.