Siku Moja na Kalamu Nne: Kupima Wino wa Bluu Kazini

Saa 1:00 asubuhi

Kalamu nne za wino wa kujaza, za muundo mmoja, zote za nibu (ncha ya chuma) ya wastani (M), ziko mezani zimeoshwa. Lazima zifanane. Ukiweka wino mmoja kwenye nibu nyembamba na mwingine kwenye nibu pana, utakuwa umepima nibu. Leo zamu ni ya Pelikan 4001 Royal Blue, Waterman Serenity Blue, Pilot Iroshizuku Kon-peki na Platinum Blue-Black. Huo wa mwisho ni wino wa chuma: unatoka bluu, kisha unazidi kuwa mweusi kadiri chuma kinavyokutana na hewa.

Najaza kwa bomba la sindano, mililita 0.5 kwa kila konveta, kile kitangi kidogo cha wino ndani ya kalamu. Ule ulimi wa plastiki chini ya nibu huficha maji ya kuoshea hata unapoonekana mkavu, na maji hayo hupausha maandishi ya mwanzo. Kwa hiyo nibu hulazwa kwanza juu ya tishu mpaka tishu isichote tena unyevu, na mistari kumi hivi ya kwanza haihesabiwi. Povu la hewa likinata nyuma ya konveta, wino hauteremki. Gonga kwa ukucha, litaachia.

Saa 3:00, kikaoni

Muhtasari huandikwa mbio na daftari hufungwa mbio, kwa hiyo ukaukaji ndio unaopimwa hapa. Chora mistari mitano, kisha pitisha kidole kwenye wa kwanza baada ya sekunde 5, unaofuata baada ya 10, halafu 15, 20 na 30. Karatasi ya fotokopi hunywa wino upesi na tofauti huwa ndogo. Kwenye karatasi laini kama ya daftari za Rhodia, wino hukaa juu, na Kon-peki ndiyo huchelewa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aanze na kipimo hiki kabla hajavutiwa na rangi yoyote.

Katika kuandika haraka, mtiririko nao hujionyesha. Royal Blue ni wino mkavu: mstari wake huwa mwembamba kidogo, na kalamu yenye ubahili itakata maneno katikati. Serenity Blue hushuka kwa wingi zaidi. Basi kalamu inayomwaga ipewe Pelikan, inayobana ipewe Waterman. Watu wawili wanaobishana kuhusu wino mmoja mara nyingi wote wana haki, ila kalamu zao hazifanani.

Saa 5:00, rundo la fomu

Fomu nyingi ni karatasi hafifu ya gramu 80 au chini yake, isiyozibwa vizuri kwa gundi. Nyuzi zake huvuta wino pembeni na herufi huota ndevu. Wino ukiwa mwingi hupenya hadi upande wa pili. Serenity na Kon-peki huathirika zaidi, na Pelikan hujitetea kwa ule ukavu wake. Wino wa chuma ndio hutoa ukingo safi kuliko yote. Kabla ya kulaumu chupa, jaribu nibu nyembamba (F) kwenye karatasi ileile. Mara nyingi inatosha.

Saa 8:00 mchana, maji

Maandishi ya asubuhi yamekauka vya kutosha. Tone moja la maji kwa kila mstari, dakika moja, kisha tishu inabandikwa juu bila kusugua. Royal Blue karibu yote huondoka. Serenity huacha uvuli usiotosha kusoma jina. Kon-peki huchuja sana lakini huacha alama hafifu. Kwa Platinum, rangi ya bluu husambaa ukadhani nayo imekwenda, kumbe mstari wa kijivu-nyeusi umebaki palepale na unasomeka.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko mng'ao na vivuli vya rangi vinavyosifiwa sana. Saini, bahasha na daftari la kumbukumbu visiandikwe kwa wino wa kuoshwa, yaani unaoondoka kwa maji, hata ukiwa mzuri namna gani. Wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, nao hustahimili maji, lakini ukikaukia ndani ya kalamu ni kazi kuutoa.

Saa 10:00 alasiri

Masahihisho. Kalamu ya kufutia huondoa Royal Blue kwa kubadili muundo wa rangi yenyewe, hivyo mstari hubaki kwenye karatasi bila rangi. Usirudie kuandika hapo kwa wino uleule, maana nao utapotea. Tumia ncha ya pili ya kalamu hiyo ya kufutia. Wino wa chuma haufutiki hivi.

Kipande cha karatasi chenye sampuli zote nne nakibandika dirishani kupima athari ya mwanga, nusu ikifunikwa kwa kadibodi. Kitakaa wiki kadhaa. Bluu za kuoshwa ndizo hupauka mapema.

Saa 12:00 jioni, kuosha

Maji ya baridi, konveta ikivuta na kusukuma mpaka yatoke meupe. Maji ya moto yanaweza kupinda plastiki, na spiriti inaweza kuipasua, kwa hiyo vyote viwili visikaribie kalamu. Royal Blue hutoka kwa muda mfupi. Ukikuta wino mgumu, changanya sehemu 1 ya amonia ya nyumbani na 9 za maji, tone moja la sabuni ya vyombo, kisha suuza sana. Mabaki ya wino wa chuma hayahitaji amonia, yanahitaji asidi hafifu kama vitamini C iliyoyeyushwa majini.

Kusuuza huku si kwa ajili ya usafi tu. Noodler's Baystate Blue, kwa mfano, ni wa alikali, na ukikutana na mabaki ya wino wenye asidi unaweza kuganda ndani ya ulimi. Tena hutia doa plastiki.

Kalamu tatu zinalala wazi, nibu chini, kwenye tishu. Ya Platinum inabaki na wino wake kwa ajili ya saini za kesho, kifuniko kimekazwa, na zamu yake ya kuoshwa haipitishwi wiki nne.