Kompyuta Nne na Maji ya Mkanda

Kikundi chetu hapa Lamu hupokea malalamiko ya ardhi, na kompyuta zetu nne hutumia Tor, mtandao unaoficha mawasiliano, ili anayetuletea habari asijulikane ametokea wapi. Mimi ndiye mtunzaji wa kompyuta hizo. Tarehe 9 Oktoba 2024, Mozilla ilitoa toleo jipya la kivinjari chake cha intaneti, Firefox 131.0.2, kwa dharura ili kuziba kasoro ya usalama iliyopewa namba CVE-2024-9680, iliyoripotiwa na Damien Schaeffer wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, na ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa kushambulia watu, na siku hiyo hiyo likatoka toleo la 13.5.7 la Tor Browser, kivinjari cha Tor, kwa kuwa nacho kimejengwa juu ya Firefox.

Mzee anayetupangisha chumba Langoni aliniona nimekawia, akataka kujua kulikoni. Nilimweleza kwamba programu ilikuwa imeachia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta lakini ikabaki na anwani yake, mfano wa punda aliyezoea kupeleka mchanga nyumba fulani: nyumba imeshauzwa, naye bado husimama mlango ule ule, na aliyehamia humo akimpakia mzigo wake, punda huubeba bila kuuliza.

"Basi mwanangu, kosa ni la punda?"

"La mwenye punda, baba."

Vituo vitatu ambavyo Tor hupitishia mawasiliano havifui dafu hapo, kwa sababu msimbo wa mshambuliaji huwa unaendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kwa hiyo sikungoja asubuhi. Mwenzetu wa Shela nilimpigia simu, nikamwelekeza apandishe kiwango cha usalama hadi cha juu kabisa, ambacho huzima JavaScript, yaani msimbo ambao kurasa za tovuti huuendesha ndani ya kivinjari, akae hivyo mpaka nifike.

Kati ya mbili za ofisini, moja ilikuwa imejisasisha. Ya pili ndiyo iliyoniudhi: toleo jipya lilikuwa limeshapakuliwa, na alama ndogo kwenye menyu ilikuwa ikiomba kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya, lakini mwenyewe hakifungi kamwe kwa kuogopa kupoteza kurasa alizofungua. Nilikifunga mbele yake. Kurasa zikapotea.

Ya Faza, kisiwani Pate, ndiyo iliyonichosha. Mtandao wa huko haukuweza kupakua faili la karibu megabaiti 100, kwa hiyo nilinakili kwenye flashi kisakinishi pamoja na faili la sahihi yake ya kidijitali, inayothibitisha kwamba hakikuchezewa, nikaihakiki sahihi hiyo kabla ya kuondoka, kisha nikasubiri, kwani mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri mpaka maji yajae. Saa nzima nilikaa gatini na flashi mfukoni, nikijua kwamba kompyuta niliyoifuata ndiyo dhaifu kuliko zote, maana ilikuwa ingali na Windows 7, toleo la zamani.

Tarehe 26 Novemba, ESET ilieleza kuwa washambuliaji, kundi liitwalo RomCom, waliiunganisha kasoro hiyo na nyingine ya Windows, CVE-2024-49039, ili kutoka nje ya kizuizi cha kivinjari. Microsoft ilikuwa imeiziba tarehe 12 mwezi huo, nami nilikuwa nimeshughulikia kivinjari tu, nikayasahau masasisho ya Windows yenyewe. Nilianza upya, mashine moja baada ya nyingine. Ile ya Faza haikuhitaji, kwa kuwa Tor Browser 14.0 ya tarehe 22 Oktoba iliiacha Windows 7, nasi tukawa tumeshaiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.