Vidole kuvimba, kumbe ni soriasisi
Miaka miwili napaka dawa ya fangasi kwenye viwiko na kichwani, magamba meupe yanadondoka tu, halafu asubuhi vidole vimevimba kama soseji hata kifungo cha shati sifungi. Nikaambiwa gauti, ule ugonjwa wa viungo wanaokukataza nyama, nikaacha nyama bure. Daktari wa ngozi ndo akaangalia kucha, zina vishimo vidogo kama zimedungwa sindano, akasema hii soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, na imeshaingia kwenye viungo. Akanianzishia methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, mara MOJA kwa wiki jamani sio kila siku, mimi Jumapili, foliki asidi (vitamini) siku nyingine, na damu napima kuangalia ini. Nikitoka kuoga napaka mafuta mgando ngozi ikiwa bado na majimaji. Mwezi wa tatu nikafunga kifungo mwenyewe, nililia.