Sekunde tano za masjala

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua mlango wa masjala yetu iliyo ghorofa ya tatu, nikaanza kuandika majalada yaliyorudishwa jana yake na kuyapanga katika rafu. Rafu zetu ni za chuma, ndefu kupita kimo cha mtu, na siku hiyo hakuna hata moja iliyokuwa imefungwa ukutani kwa skrubu. Mwaka uliotangulia niliandika dokezo kuomba zifungwe, nikajibiwa kwamba jambo hilo lingeshughulikiwa baadaye.

Saa mbili na saa tatu zilipita kwa kazi za kawaida.

Saa tano kasoro dakika kumi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya rafu ya kwanza nikitafuta jalada la likizo, sakafu ikapigwa kishindo kimoja kutoka chini, kisha ukasikika mngurumo mzito. Mwenzangu aliuliza kama kuna lori lililogonga jengo. Nilisimama, nikaenda mezani kwangu nikiwa na jalada mkononi, na nilikuwa nimekishika kiti jengo lilipoanza kuyumba huku na huku.

Kishindo kile kililetwa na mawimbi ya awali ya tetemeko, ambayo hupita katika miamba ya juu ya dunia kwa kasi ya takriban kilomita 6 kwa sekunde. Mawimbi ya pili, yanayoitikisa ardhi kwa upande na kubomoa zaidi, huenda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde, hivyo kila sekunde ya tofauti kati yao huashiria umbali wa kilomita 8 hivi kutoka kwenye chanzo. Baadaye tulizirudia hatua zangu tukiwa na saa mkononi, tukapata sekunde tano, yaani kilomita 40 hivi. Katika sekunde hizo ndimo nilimoondoka penye rafu, bila kujua ninachokikimbia.

Mwenzangu alikuwa ameshaelekea mlangoni.

"Dada, usitoke! Ingia chini ya meza!"

Aligeuka, akaingia chini ya meza yake, nami nikajikunja chini ya yangu, mkono mmoja ukikinga kichwa na mwingine ukishika mguu wa meza, kwa sababu meza nayo huhama. Rafu ya kwanza iliinama, ikasita, ikaanguka pale pale nilipokuwa nimechuchumaa, na majalada ya miaka mingi yakamwagika juu yake. Mtikisiko wenyewe haukufika nusu dakika.

Saa tano tulishuka kwa ngazi. Lifti hatukuigusa, kwa kuwa umeme ukikatika hukwama kati ya ghorofa na watu wakiwa ndani. Tulisimama uwanjani, mbali na kuta na vioo, tukaitwa majina. Tarishi hakuitika, na kwa dakika kumi hivi hakuna aliyezungumza, hadi alipotokea barabarani na mkoba wake wa barua.

Saa sita kasoro robo ardhi ilitikisika tena, kwa udogo, na watu wazima wakashikana mikono. Mwanasayansi wa Japani, Fusakichi Omori, alionyesha mwaka 1894 kwamba mitetemeko inayofuata hupungua idadi kadiri muda unavyopita. Lakini kupungua idadi si kupungua nguvu, na mmoja mkubwa unaweza kuja kwa kuchelewa. Kwa hiyo niliwasihi waliotaka kurudi kuchukua simu na mikoba yao wasubiri.

Saa nane mhandisi alilikagua jengo. Nyufa nyembamba za lipu hazikumsumbua. Alikaa muda mrefu mbele ya nguzo, akitafuta nyufa za mshazari, na hakuziona. Saa tisa na nusu niliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi. Sikuokota jalada hata moja. Niliandika dokezo jipya kwa mkono, nikaambatisha nakala ya lile la kwanza, nikalipeleka mwenyewe.

Usiku, nyumbani, nilishusha masanduku yaliyokuwa juu ya kabati, nikasogeza kitanda mbali nalo, nikaweka viatu na tochi karibu, maana vioo vikivunjika gizani miguu mitupu haifiki mlangoni. Saa saba usiku niliamshwa na kishindo kidogo. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha kitanda kikayumba.