Maji ya ngozi: usiyachanganye mapema

Kosa kubwa la viwanda vidogo vya ngozi huku Kanda ya Ziwa ni lile shimo moja la kupokea majitaka yote. Maji ya kutolea manyoya (ya chokaa) yana salfidi, kemikali ya salfa; ya kromu, chumvi ya kulainisha ngozi isioze, yana tindikali. Yakikutana, pH (kipimo cha ukali wa tindikali) inashuka na salfidi inatoka kama gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena. Anayeshuka kuzibua bomba huanguka wa kwanza, na anayemfuata kumwokoa huwa wa pili.

Basi tenga matangi.

La chokaa lipulizie hewa, ukitia salfeti ya manganizi kama kichocheo: gramu 100 hivi za manganizi kwa kila mita ya ujazo. Acha theluthi ya tangi wazi, maana protini za manyoya zinatoa povu balaa. Baada ya saa 6 hadi 8 chovya karatasi ya asetati ya risasi. Ikiwa nyeusi, salfidi bado ipo, hewa iendelee.

La kromu lichuje nyuzi kwanza, kisha pandisha pH hadi 8.5 polepole. Kostiki (soda kali) ni ya haraka, lakini tope lake hubaki jepesi kama uji, na ukizidisha, kromu huanza kuyeyuka tena. Oksidi ya magnesiamu ni ya taratibu na tope lake hushuka zito, sisi tunaipendelea. Acha usiku kucha. Asubuhi teka glasi moja: juu maji maangavu, chini tope la kijani-kijivu. Maji ya juu yakibaki na ukijani, shuku fomati au oksalati zilizotiwa wakati wa kutengeneza ngozi, zinaishikilia kromu isishuke. Tope zuri usilitupe: liyeyushe kwa tindikali ya salfuriki, lirudi kazini.

Hapo ndipo maji ya matangi yote mawili yanachanganywa, yanatiwa shabu (jaribu vipimo tofauti kwenye glasi sita kabla ya kugusa tangi), halafu yanaenda kwa bakteria wanaokula uchafu uliobaki. Mbegu yao ni tope bichi la mabwawa ya majitaka, kama yale ya Butuja, Mwanza. Wanataka pH ya 7 hadi 8, oksijeni ya miligramu 2 kwa lita, na fosforasi, kwa sababu naitrojeni ngozi inaleta tele. TSP (mbolea ya fosfeti) iliyoyeyushwa kwenye ndoo inatosha, ila kwa kipimo: uwiano ni sehemu 1 ya fosforasi kwa 100 za BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kula uchafu). Ziada inakwenda kulisha magugu maji.

Chumvi haiondolewi na shabu wala bakteria. Ikung'ute kwenye ngozi kavu kabla ya kuloweka, uifagie.

Kila siku jaza tope la bwawa la bakteria kwenye silinda ya lita 1, ngoja dakika 30. Likikataa kushuka, bakteria wa nyuzinyuzi wametawala, mara nyingi kwa uhaba wa hewa au salfidi iliyopenya. Umeme ukikatika saa kadhaa, tope linakuwa jeusi. Jenereta ya kipulizio iwe na mafuta.