Kamba, Maziwa na Pua Inayoziba
Nyumbani kwetu Kisauni kamba hawapikwi tena, kwa sababu binti yangu akiwala, hata wakiwa wachache ndani ya pilau, midomo humwasha, pua huziba na vipele humtoka shingoni. Daktari alitushauri tuondoe kila chakula tunachokishuku, kimoja kimoja, kwa wiki 2 hadi 4, kisha tukirudishe huku tukiandika dalili. Ila kamba, ambao athari yao ilikuwa wazi, wasijaribiwe nyumbani kabisa. Kaa pia tumemwacha, kwani protini zake zinafanana na za kamba, lakini changu na tafi anakula bila shida. Maziwa, yanayolaumiwa sana mtaani, hayaongezi makohozi. Yakichanganyika na mate huleta tu hisia ya uzito kooni, kwa hiyo chai yake ya maziwa, alhamdulillahi, hatukumnyima.