Dosari ndogo

"Kaka, si wewe uliyenifundisha kusema dosari hii haigusi mzizi wa kesi?"

Aliniuliza siku ya Jumanne, koridoni mwa mahakama, amekumbatia majalada yake, mwendesha mashtaka kijana niliyemfundisha kazi. Leo Ijumaa bado namsikia. Hakuwa na kejeli. Angenikejeli ningelala usingizi. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

Nilikuwa nimetoka kupinga hati ya ukamataji mali. Mnaonifuata tangu niache kusimama upande wa Jamhuri, yaani kuendesha mashtaka, nikahamia utetezi, mnajua kwamba huanzia hapo: nani alishuhudia upekuzi, alisaini saa ngapi, na saa hiyo inakubaliana na maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa? Muda wa msingi wa polisi kumhoji mtuhumiwa ni masaa 4 tangu atiwe nguvuni, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Saa iliyoandikwa kwenye hati ya ukamataji inaweza kuyaangusha maelezo yaliyochukuliwa kituoni, ikionyesha kuwa muda huo ulikuwa umepita. Zamani jalada zima lilikuwa mezani kwangu, nikilisoma kutafuta kinachoungana. Sasa natafuta kipindi ambacho kielelezo, yaani kitu kilichokamatwa kama ushahidi, hakikuwa mikononi mwa mtu yeyote anayetajwa.

Mara nyingi kipindi hicho ni usiku. Askari amekamata jioni, mtunza vielelezo ameshaondoka, kifurushi kinalala kwenye droo, asubuhi ndipo kinaingia kwenye rejesta. Jumanne nilimuuliza shahidi: usiku ule kilikuwa wapi, na ufunguo alikuwa nao nani? Akanyamaza.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilitaka mnyororo wa utunzaji, yaani nani alikishika kielelezo na lini, uonekane kwenye maandishi tangu kielelezo kinakamatwa. Baadaye ikalegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Gari si kete ya dawa za kulevya. Kwenye gari, "dosari ndogo" ina mahali pake pa haki. Kwenye kete, haina. Huyu binti nilimpa maneno yale akiwa mgeni kazini, na sikumwonyesha yanapoishia.

Nilimjibu, "Ndiyo, mdogo wangu, ni mimi." Akasema, "Basi sawa, kaka," akaingia ndani. Hiyo "basi sawa" nimeigeuza kila upande. Pingamizi langu lilikataliwa, Jumatano mteja mwingine akaonekana hana kesi ya kujibu akaachiwa, mke wangu, Mama Neema, ameanza kazi mpya, na mimi niko palepale koridoni.

Jana nilikaa benchi la nyuma nikisubiri shauri langu liitwe. Binti yule alikuwa akimwongoza askari mkamataji kutoa ushahidi. Hakumwonyesha kifurushi mpaka alipotaja alama zake: lakiri, saini, namba ya kesi. Hati ya ukamataji ilipopokelewa akaomba isomwe kwa sauti, nayo ikasomwa yote. Wengi hupitiwa hapo, na nyaraka isiyosomwa baada ya kupokelewa huja kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, hata kama kesi nzima imeiegemea. Kisha, kabla wakili wa utetezi hajasimama, akamuuliza shahidi wake mwenyewe: "Usiku ule kilikuwa wapi, na ufunguo alikuwa nao nani?"

Askari alikuwa na jibu, na rejesta ilikuwepo. Mshtakiwa yule ana kazi kubwa mbele yake, na wakili wake pia. Lakini nilifurahi mpaka karani akaniita mara mbili.

Neema bado anakohoa usiku, wiki ya tatu sasa. Dawa ya maji imeisha na kikohozi ni kilekile. Kesho asubuhi tunamrudisha kwa daktari.